Siku za Namba Moja

Jumamosi ya kwanza ya Julai mwaka 1999, saa nne asubuhi, Athanas Mkude alisukuma mkokoteni wa kuazima kutoka lango la kiwanda cha vifungo mpaka kota namba kumi na tatu. Juu ya mkokoteni kulikuwa na kompyuta ya ofisi ya ghala, imefunikwa khanga ya marehemu mkewe isipigwe jua.

Kiwanda kilikuwa kimeuzwa miaka miwili nyuma. Mnunuzi aling'oa mashine zote akaziuza kama chuma chakavu, akabakiza kuta, lango na bango. Siku hiyo alikuwa anasafisha ofisi, na vitu asivyovitaka viliwekwa nje, anayetaka achukue. Wafanyakazi wa zamani walikimbilia feni na viti vya kuzunguka. Athanas, aliyekuwa karani wa ghala, alichukua kompyuta kwa sababu kwa muda wote aliofanya kazi pale ndiyo pekee iliyomwamkia asubuhi kwa jina lake kamili. Alikuwa amekaa kwenye vifungo miaka ishirini na sita. Watani wake husema wapo wauaji waliofungwa michache kuliko hiyo.

Mtani mkubwa kuliko wote alikuwa Mwinshehe, fundi redio wa sokoni Morogoro mjini, ambaye siku hizi alitengeneza pia kompyuta kwa kutumia bisibisi ileile. Ukoo wake na ukoo wa mke wa Athanas walikuwa watani wa kuzikana tangu mababu. Mke huyo, Yuliana, alipofariki, Oktoba ya mwaka 1997, wakampandisha milimani Mgeta kumzika katika shamba la kwa mama yake, Mwinshehe aliingia kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akafumba macho, akasema haondoki mpaka apewe jogoo. Ndiyo kazi ya mtani. Zamani kiwanda kilitoa lori, mbao za jeneza na jogoo wa mtani, vyote kwa hati moja. Safari hii kiwanda hakikuwapo. Waombolezaji walitazamana. Kuku wa kijiji walikuwa wamekufa kwa kideri mwezi uliotangulia. Mwishowe Mwinshehe aliinuka mwenyewe, akajipangusa udongo.

"Haya, mzikeni," alisema. "Lakini mjue mimi sijamruhusu."

Watu walicheka kidogo, wakafukia.

Basi Jumapili Mwinshehe alikuja kota namba kumi na tatu, akafungua kompyuta, akapuliza vumbi, akatoa mende wawili na kifungo kimoja cha koti.

"Nakuwekea mfumo mpya, mtani. Wenye rangi. Huu wako wa maandishi ya kijani ni wa enzi za foleni ya sukari."

"Weka," alisema Athanas. "Ila wa zamani usiutoe."

"Wa nini tena?"

"Mkubwa aliyekuja kukabidhi kiwanda alisema mfumo wa zamani umekufa, tuukaribishe mpya. Nikaukaribisha kwa makofi. Si unaniona nilivyo? Safari hii nakaa na yote miwili."

"Yule alikuwa anasema siasa, Athanas. Mimi nasema mashine."

"Neno si lilelile?"

Mwinshehe alifikiri, akaona ni lilelile. Akaigawa kompyuta katikati kama watu wanavyogawa chumba kwa pazia, akauweka mfumo wa zamani upande mmoja na mpya upande wa pili. Akaeleza masharti. Wapangaji ni wawili, mlango ni mmoja, hawatoki pamoja. Ukiwasha, mashine itauliza: namba moja au namba mbili? Moja ni wa zamani, mbili ni mpya. Usipojibu kwa sekunde thelathini, itachagua mpya yenyewe. Maandishi ya kwenye kioo yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo aliyatafsiri kwenye karatasi ya boksi la sigara, akaibandika ukutani kwa ugali.

Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi, Athanas aliwasha akabonyeza moja. Kioo kikawa cheusi, herufi za kijani zikajipanga: KARIBU ATHANAS D. MKUDE. Pembeni tarehe ilisomeka 12 Septemba 1997, siku kiwanda kilipokabidhiwa na kompyuta ikazimwa. Kisha king'ora cha kiwanda kikalia, na Yuliana akaingia kwa mlango wa uani na ndoo tupu, amejifunga ile khanga.

"Maji yamekatika," alisema. "Na wewe unaamka huniamshi, baba Frank."

"Ulikuwa umelala," alijibu Athanas, na hilo halikuwa uongo.

Akampisha kiti. Yuliana akakaa, akakohoa. Kilikuwa kikohozi kilekile.

Kota namba kumi na nne alikaa Petro, aliyekuwa mtoboaji wa matundu ya vifungo. Aliposikia king'ora alivaa ovaroli yake, akalalamika kuwa imembana kiunoni, akatoka. Wengine nao walitoka, mmojammoja, wakifunga vishikizo njiani. Lango lilikuwa wazi. Mashine zilikuwa mahali pake zote, zimepakwa grisi, na msimamizi aliwaandika wamechelewa dakika nne. Walifanya kazi mpaka saa tisa na nusu. Vifungo vilijaa ghalani mpaka dirishani, kwa kuwa hakuna lori lililokuja kuvichukua. Siku hizo watu walivaa mitumba, na mitumba huja na vifungo vyake. Athanas akazima mashine. Yuliana akatoweka alipokuwa anachambua mchele, na khanga ikabaki kitini, ina joto bado. Kiwandani Petro na wenzake walijikuta wamesimama katika ukumbi mtupu, mikono imeinuliwa juu ya mashine zisizokuwapo. Walirudi nyumbani wakinuka plastiki. Petro alisema haikuwa siku mbaya.

Ikawa hivyo kila siku ya kazi. Kila ilipowashwa namba moja, tarehe ya pembeni ilisogea siku moja, na kila mtu akashika nafasi yake. Ilipowashwa namba mbili, kioo kilikuwa na rangi ya anga na redio za jirani zilipiga matangazo ya sabuni.

Kutoka Mgeta ililetwa barua na dereva wa lori la kabichi. Iliandikwa na mjomba wa Yuliana, mkubwa wa ukoo. Baada ya salamu, alisema kwamba tangu mwanzo wa Julai kaburi la mpwa wake huondoka asubuhi na kurudi alasiri, na kwamba lisipokuwapo mahali pale panaota njegere nzuri sana. Hakuwa na lawama. Aliomba tu apewe ratiba, ili watu wachume kabla kaburi halijarudi. Athanas alimpelekea ratiba.

Umeme nao ulikatika ulivyopenda. Siku moja ulikatika Yuliana akisema, "Usisahau chu." Ulirudi kesho yake saa tano. Athanas akabonyeza moja, na Yuliana akamalizia, "mvi."

Ilikuwa siku ya tisa ndipo Athanas alipotazama tarehe vizuri. Yuliana alifariki Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 1997, saa tatu asubuhi. Kutoka tarehe 12 Septemba kulikuwa na siku ishirini na saba za kuwa hai, na tisa zilikwisha kwenda kwa Petro na vifungo.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kota namba kumi na tatu, palikuwa na jengo dogo la matofali. Katika namba moja lilikuwa zahanati ya kiwanda. Matibabu yalikuwa ya bure kwa mfanyakazi na familia yake, kitanda kilitandikwa shuka safi, na nesi, mama wa makamo aitwaye Joyce, alimpokea Yuliana kwa mikono miwili, akampima kifua, akaandika jina la dawa kwa hati nzuri kabisa.

"Dawa yenyewe?" aliuliza Athanas.

"Baadaye," alisema nesi Joyce. "Tumeagiza."

Rafu zilizokuwa nyuma yake zilikuwa zimefutwa vumbi, na hazikuwa na kitu.

Katika namba mbili jengo lilelile lilikuwa duka la dawa. Lilifunguliwa na mtu binafsi wiki mbili baada ya kiwanda kukabidhiwa. Lilikuwa na taa za mirija, mizani ya kupimia uzito, na rafu zilizojaa mpaka darini. Dawa ya kifua ilikaa rafu ya tatu kutoka chini, boksi la njano. Yuliana alipofariki mara ya kwanza ilikuwa imekaa pale siku kumi na tatu. Alikuwa akiitazama kutoka kitandani, dirishani.

Athanas aliwasha namba mbili, akapeleka baiskeli yake kwa mwenye duka iwe malipo, akarudi kwa miguu na boksi la njano. Akaliweka mezani kando ya kompyuta, akazima, akawasha, akabonyeza moja.

Yuliana alisogea, akaliona boksi. Alikuwa amesomeshwa na masista wa misheni na alisoma vizuri.

"Kutwa mara tatu, baada ya chakula," alisoma. "Mama mjamzito amwone daktari. Hiyo hainihusu."

Akanyoosha mkono. Mkono ukagusa kitambaa cha meza. Akajaribu upande wa pili, ukagusa kitambaa. Athanas alilishika boksi akamwekea kiganjani, na kiganja kikabaki kitupu, ila Yuliana alisema analiona bado, na kwamba dawa itaisha muda wake mwaka 2002.

Mwinshehe aliitwa. Alitazama nyuma ya mashine, akanusa nyaya.

"Hapa hakuna ubovu," alisema. "Wa zamani unaweza kuchungulia kwa mpya. Unaona kila kitu, unasoma kila kitu. Kuchukua ndiyo hapana. Ruhusa yake ni ya kusoma tu."

"Na mpya kwa wa zamani?"

"Mpya hauoni kitu kabisa. Kwake hapo ni uwanja mtupu."

"Hakuna njia?"

"Labda umeze wewe, mtani, apone yeye. Nyie si mwili mmoja? Padri hakusema?"

Ulikuwa utani, lakini Athanas alimeza. Alimeza kutwa mara tatu baada ya chakula kwa siku saba, kisha akaingia namba moja. Yuliana alikuwa anakohoa vilevile. Athanas mwenyewe, ambaye hakuwahi kuwa na tatizo la kifua, alipanda ngazi za kanisani bila kuhema.

Kuanzia hapo Yuliana alikuwa akikaa dirishani. Kutoka namba moja, ukichungulia, duka la dawa lilionekana na taa zake, rafu zake na mteja mmoja anayepimwa uzito. Ukivuka barabara na kusukuma mlango uleule, uliingia zahanati, nesi Joyce akasimama akasema karibu mama, tumeagiza. Yuliana alivuka mara nne. Mara ya tano alisema miguu inamuuma, na kusoma anaweza hata akiwa kwenye kiti. Alimsomea mumewe majina ya dawa rafu kwa rafu, za minyoo, za macho, za watoto wasiokula. Athanas aliyajua yote kwa mpangilio, kama alivyojua vifungo.

Tarehe ilipofika mosi Oktoba, Athanas aliacha kuwasha namba moja. Siku ya tatu asubuhi Petro alikuja na ovaroli, na nyuma yake watu kama sitini, wamesimama barazani na kwenye mtaro.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Petro."

"Mzee, king'ora hakilii."

"Hakilii."

"Tumekaa siku tatu mikono mifukoni. Mke wangu ameanza kunituma maji."

"Nenda kachote."

Petro alikaa kwenye ngazi. "Sikiliza mzee wangu. Najua habari ya mama. Kila mtu anajua. Lakini wewe una mtu mmoja mle ndani. Sisi tuko mia mbili."

"Mle ndani hampati kitu, Petro. Mnatoboa matundu, nikizima hakuna vifungo wala matundu."

"Najua. Tundu lenyewe lilikuwa halina kitu tangu zamani, ndiyo maana ya tundu." Wenzake walicheka. Petro hakucheka. "Lakini pale mtu anaandikwa jina. Anaambiwa umechelewa. Huku nje nichelewe wapi?"

Athanas aliingia ndani, na kwa kuwa alikuwa karani na karani hawezi kuona watu wamepanga mstari bila kuwahudumia, akabonyeza moja. King'ora kikalia. Watu sitini waliondoka mbio. Yuliana alitoka uani, safari hii ameshika ukuta.

Wakakubaliana siku mbili kwa wiki. Halafu Petro akaomba na Ijumaa. Hivyo ndivyo zilivyokwenda siku zilizobaki, na hakuna aliyeiba hata moja. Ziliombwa kwa adabu na zikatolewa.

Tarehe 8 Oktoba, Jumatano kwa hesabu ya namba moja, Yuliana hakuinuka. Athanas alimlaza kitanda cha dirishani. Kiwandani mashine zilikuwa zinasikika.

"Mimi nilikufa lini?" aliuliza Yuliana.

"Kesho."

"Alhamisi." Alifikiri. "Saa ngapi?"

"Saa tatu. Baada ya chai."

"Niliinywa?"

"Nusu."

Yuliana aligeuza uso dirishani. Ng'ambo, mwenye duka alikuwa anapanga boksi jipya la njano rafu ya tatu. Lile la Athanas lilikuwa limeshapata la kujaza nafasi yake.

"Wameongeza," alisema. "Zamani yalikuwa matano. Sasa sita."

"Nayaona."

"Huna haja ya kuyaona wewe. Wewe unaweza kuyashika." Alikohoa kwa muda, kisha akatulia. "Kesho utawasha?"

Athanas alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na nane. Alijua kwamba asipowasha, Yuliana hatakufa, na pia hatakunywa hata ile nusu kikombe, wala hatasema neno. Alijua akiwasha atapata asubuhi moja mpaka saa tatu.

"Baadaye," alisema.

Yuliana alicheka mpaka akashika ubavu. "Mungu wangu! Baba Frank, na wewe umekuwa nesi."

Saa ikafika. Athanas akazima.

Petro na wenzake walikuja wiki ile na ile iliyofuata. Hawakugombana naye. Walisimama kidogo barazani, wakasikiliza king'ora ambacho hakikulia, wakaondoka kutafuta vibarua vya kupakia vitunguu Dumila. Ovaroli ziligeuzwa matambara, baada ya vifungo vyake kukatwa na kuwekwa kwenye mikebe. Kutoka Mgeta mjomba aliandika kwamba kaburi siku hizi linashinda palepale, na kwamba alisikitika, kwa kuwa njegere zilikuwa zimeanza kutoa maua.

Mwinshehe alipita Jumapili moja, akamkuta Athanas amekaa mbele ya mashine iliyozimwa.

"Nipe jogoo, mtani," alisema, na hakuwa anatania sana. "Nimruhusu, na wewe upumzike."

"Sifugi kuku."

"Najua hufugi. Mtaa mzima una kuku kasoro wewe. Nunua hata kifaranga, nitakiita jogoo."

"Baadaye," alisema Athanas.

Mwinshehe alimtazama, akachukua bisibisi yake, akaenda zake.

Kila siku saa moja kasorobo Athanas huwasha kompyuta. Mashine humuuliza, moja au mbili? Huweka kidole juu ya moja bila kubonyeza, akahesabu. Kwa sekunde thelathini hizo hakuna aliyekufa na hakuna aliyezikwa. Zikiisha, mashine huchagua mpya yenyewe, kioo kinakuwa na rangi ya anga, na maandishi yanatokea katikati, yaleyale kila siku. Karatasi ya boksi la sigara iliyoko ukutani inasema maana yake ni hii: Nusu ya mashine hii ni tupu na haitumiki. Isafishwe? Y ni ndiyo. L ni baadaye.

Athanas hubonyeza L.

Kisha hufungua dirisha. Ng'ambo ya barabara mwenye duka naye anafungua, anawasha taa zake za mirija, anafuta vumbi rafu ya tatu. Baiskeli ya Athanas imeegemezwa mlangoni, inang'aa. Husalimiana kwa mkono. Halafu Athanas huenda jikoni, hubandika maji ya chai ya vikombe viwili, na kikombe cha pili hukijaza nusu.